Maswali ya Wasomaji: Tone la Damu Kisiginoni na Kimelea Kinachojificha

Maswali ya safari hii karibu yote yanazunguka jambo moja: toksoplasmosi ya kuzaliwa nayo, yaani maambukizi ya kimelea kiitwacho *Toxoplasma gondii*, kinachotoka kwenye kinyesi cha paka na nyama isiyoiva, ambayo mtoto huyapata akiwa tumboni. Brazil iliyaingiza maambukizi haya katika orodha ya magonjwa ambayo watoto wachanga hupimwa kwa damu ya kisiginoni, kwa sheria namba 14.154 ya mwaka 2021. Wasomaji wetu wa Dar es Salaam wanataka kujua kwa nini kwetu bado, na kama kuna la kufanya kwa sasa.

Mimi ni baba mtarajiwa, naishi Tabata. Nasikia kwingine mtoto akizaliwa anatobolewa kisigino, damu inapimwa magonjwa mengi, likiwemo hili la paka. Kwa nini hapa hatupimi? Hatuna vifaa?

Vifaa si kikwazo kikubwa, ndugu. Karatasi ya kukaushia damu, ambayo wauguzi wanaiita DBS, iko katika kliniki zetu za mama na mtoto kwa miaka mingi. Ndiyo inayotumika kumpima VVU mtoto wa mama mwenye maambukizi anapofikisha wiki 4 hadi 6. Na si kwamba kisigino cha mtoto mchanga wa Dar es Salaam hakijawahi kutobolewa kwa ajili ya uchunguzi. Kati ya 2015 na 2016 watoto wachanga 3,981 walipimwa sikoseli katika hospitali za Muhimbili na Temeke. 31 walikutwa na ugonjwa wenyewe na 505 walikuwa na chembe za kurithi tu, bila ugonjwa. Kwa hiyo safari ya tone la damu kutoka wodi ya wazazi hadi maabara inajulikana.

Kinachotukwamisha ni kile kinachotakiwa kufuata baada ya majibu kutoka. Tazama Massachusetts, Marekani, walioanza kuwapima watoto wote toksoplasma mwaka 1986. Katika watoto 635,000 wa mwanzo, 100 walitoka chanya, na walipochunguzwa upya 52 ndio waliothibitishwa. Hapo pana mambo mawili. Kwanza, 50 kati ya hao 52 walikuwa wamekaguliwa na daktari baada ya kuzaliwa wakaonekana wazima kabisa; bila kipimo wangerudi nyumbani na kimelea chao. Walipotazamwa kwa makini zaidi, macho na ubongo, 19 kati ya 48 walikuwa tayari na kasoro. Pili, karibu nusu ya waliotoka chanya hawakuwa wagonjwa. Maana yake karatasi ikitoka chanya bado hujui kama mtoto anaumwa. Ulichopata ni sababu ya kumtafuta mtoto haraka, ndani ya siku chache.

Sasa fikiria kumtafuta huyo mtoto. Mama amejifungulia Amana, kadi inasema anaishi Buguruni, lakini wiki ya kwanza tu amekwenda kwao Kilwa kukaa arobaini. Namba ya simu ni ya shemeji, na shemeji ameshabadilisha laini. Ukimpata, anatakiwa arudi na mtoto wachukuliwe damu ya mshipa wote wawili, ipimwe kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya kimelea, za aina ya IgG, IgM na IgA. Mtoto atiwe dawa ya kupanua mboni ili daktari bingwa wa macho aione yote retina, yaani pazia la ndani nyuma ya jicho. Apigwe ultrasaundi ya kichwa kupitia utosi. Apimwe wingi wa damu na ini. Ikithibitika, anameza dawa mwaka mzima, na dawa hizo zina masharti yake kama tutakavyoeleza mbele. Mnyororo huu ukikatika mahali pamoja, ulichofanya ni kumpa mama hofu bila kumpa tiba.

Msimamo wetu ni kwamba sikoseli ianze, ipimwe kwa kila mtoto, na toksoplasma iingie juu ya mgongo wake. Hesabu zenyewe zinaonyesha kwa nini. Watoto 31 katika 3,981 ni kama mmoja katika kila 128. Toksoplasma, hata katika jimbo la Minas Gerais huko Brazil, ambako namba zake ni kati ya kubwa zilizowahi kuandikwa, ilikuwa mtoto mmoja katika 770. Massachusetts ni mmoja katika 12,000 hivi. Mtoto wa sikoseli anayejulikana mapema anapewa penisilini na chanjo zinazomwokoa, na kliniki za kumfuatilia zipo. Programu ya sikoseli ikishajenga mfumo wa kuwapigia simu wazazi na kuwarudisha kliniki, karatasi ileile itatobolewa tundu moja zaidi, la milimita 3, kwa ajili ya toksoplasma. Wangeanza na hospitali tatu za rufaa za mkoa, Amana, Temeke na Mwananyamala, kwa mwaka mmoja, tukajua hali yetu wenyewe badala ya kukopa namba za Brazil.

Tusikope namba za watu kwa sababu vimelea havifanani. Vile vya Amerika ya Kusini ni vikali kwa macho kuliko vya Ulaya. Minas Gerais walipowachunguza macho watoto 178 walioambukizwa, 142 walikuwa na vidonda au makovu kwenye retina. Denmark walianza kupima watoto wao 1999 wakaacha 2007, kwa kuwa waliopatikana walikuwa wachache na faida ya dawa haikuonekana wazi. Nchi mbili, kipimo kimoja, maamuzi kinyume, na kila moja ilikuwa na sababu zake.

Ni muuguzi mkunga katika kituo cha afya. Sampuli zetu za DBS zinarudishwa mara kwa mara zimeandikwa “haifai”. Hawatuelezi kosa ni lipi. Tunakosea wapi?

Mara nyingi kosa linaonekana kwenye karatasi yenyewe, ukijua kuisoma. Tufuate hatua kwa hatua.

Pasha kisigino joto kwa kitambaa cha maji vuguvugu, dakika 3 hadi 5. Maji yasizidi nyuzi 42. Kisigino cha baridi hakitoi damu, na damu isipotoka mkono wa muuguzi unaanza kukamua, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Mama ambebe mtoto huku akinyonyesha, mguu uning'inie chini ya usawa wa moyo. Safisha kwa spiriti ya asilimia 70, halafu subiri ikauke yenyewe, usiipulize.

Toboa pembeni mwa kisigino, upande wa ndani au wa nje wa unyayo. Usitoboe katikati wala nyuma palipojipinda, kwa sababu hapo mfupa uko karibu sana na ngozi. Kina kisizidi milimita 2. Tone la kwanza lifute kwa pamba kavu isiyo na dawa. Lina majimaji ya ngozi. Subiri tone la pili likue lenyewe, ligusishe karatasi mara moja tu, uache lizame mpaka duara lijae na lionekane upande wa nyuma. Geuza karatasi uhakikishe. Tone moja, duara moja, upande mmoja.

Ukaushaji ndio unaozishinda sehemu nyingi za pwani. Karatasi ilale sawasawa, madoa yasiguse kitu, angalau saa 3 hadi 4, mbali na jua na mbali na joto la aina yoyote. Miezi ya masika, hewa ya Dar es Salaam inapokuwa nzito, iache hadi asubuhi. Kisha iingie kwenye mfuko unaofungika pamoja na pakiti za kunyonya unyevu na kadi ya kuonyesha unyevu. Kadi ikibadilika kutoka bluu kwenda waridi, badilisha pakiti. Usirundike karatasi mbichi juu ya nyingine, na usiuache mfuko kwenye bajaji iliyoegeshwa juani.

Sasa soma madoa. Doa lenye pete nyeupe ya maji pembeni: spiriti haikukauka au kisigino kilikamuliwa. Doa jeusi lililonenepa: matone mawili yamewekwa juu ya mengine. Doa dogo lisilopenya nyuma: damu haikutosha. Doa lililochanika au kukwaruzwa: mtu alisugua karatasi kwenye ngozi. Doa lililofubaa kingo: lilifungwa likiwa bichi.

Maabara hawaringi wanapozikataa. Mashine hukata kijiduara cha milimita 3 na kuhesabu kwamba kina kama mikrolita 3 za damu. Ukiongeza tone juu ya tone, kijiduara kinabeba damu nyingi kuliko inavyodhaniwa na IgM, kingamwili inayotafutwa kwa toksoplasma, inaonekana imepanda. Doa likiwa jembamba, IgM halisi inapotea. Kwa sikoseli kosa hilo linaweza kuvumilika kidogo, kwa sababu kinachotafutwa ni aina ya hemoglobini. Kwa toksoplasma, ambayo inapimwa kwa kiwango, halivumiliki.

Mambo mengine matatu ambayo fomu nyingi huyasahau. Usichukue damu ya kitovu kwa ajili ya kipimo hiki; ikichanganyika hata kidogo na ya mama, IgM ya mama itahesabiwa kuwa ya mtoto. Mtoto anayetakiwa kuongezewa damu atolewe sampuli kabla, kwani baada ya hapo unapima damu ya mchangiaji. Na muda: mama aliyejifungua salama mara nyingi anaruhusiwa ndani ya saa 24, wakati sampuli nzuri kwa karatasi inayopima magonjwa mengi ni ya saa 48 hadi 72. IgM ya toksoplasma haisumbuliwi sana na tofauti hiyo, lakini kipimo cha tezi la shingo kinasumbuliwa, maana homoni yake hupanda kwa kawaida siku ya kwanza ya maisha. Kama mama anaondoka, ni afadhali uichukue wakati anaondoka, uandike saa, kuliko kumtegemea arudi.

Kwenye fomu andika namba mbili za simu, za watu wawili tofauti. Na uliza swali hili: “Utakaa wapi mpaka arobaini?”

Mimba zangu mbili zimetoka. Nilienda maabara binafsi Kariakoo nikapimwa kipimo cha TORCH, kile cha maambukizi kadhaa yanayoweza kumdhuru mtoto tumboni, toxo IgG ikatoka chanya. Nimeambiwa ndiyo inayoharibu mimba na nimeuziwa dawa za mwezi mzima. Nimeze?

Pole sana, dada. Usimeze kwanza.

IgG ni kumbukumbu ya mwili kwamba uliwahi kukutana na kimelea, pengine ukiwa mtoto. Utafiti uliofanyika hapa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 1995 ulikuta zaidi kidogo ya thuluthi moja ya wajawazito wanayo. Mwanza, katika utafiti wa 2013, ilikuwa asilimia 30.9 ya wajawazito 350. Wapange wanawake kwenye benchi la kliniki yoyote jijini, wa tatu wake ana majibu kama yako, na wamezaa salama.

Na mwenye IgG kabla ya mimba ndiye mwenye kinga. Kimelea kilichokwishajificha mwilini, kwa mwanamke ambaye kinga yake ni imara, hakimfikii mtoto isipokuwa kwa nadra sana. Mwenye VVU ambaye CD4 zake, chembe za kinga, zimeshuka mno ni habari tofauti. Huyo ana daktari wake na dawa zake. Anayetakiwa kuhofiwa ni mwanamke asiye na IgG akaambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito.

Kama ingekuwa IgM ndiyo chanya, bado isingetosha. IgM ya toksoplasma inaweza kubaki kwenye damu miezi mingi, hata zaidi ya mwaka baada ya maambukizi, na vipimo vyake hukosea. Hatua inayofuata ni kupima jinsi IgG inavyoshika kimelea kwa nguvu. Inayoshika kwa nguvu kubwa maana yake maambukizi yana zaidi ya miezi 3 au 4; mimba ikiwa changa kuliko hapo, unalala usingizi.

Mimba kutoka mara kwa mara zina sababu nyingine za kutafutwa: kaswende, sukari, tezi la shingo, umbile la mfuko wa uzazi, na kingamwili zinazogandisha damu. Peleka majibu yote kwa daktari bingwa wa wanawake na uzazi. Kipimo cha TORCH kinauzwa sana mjini na kwa maoni yetu kinaagizwa kupita kiasi; katika wanaokinunua baada ya mimba kutoka, wachache mno wanapata jibu linalobadilisha tiba.

Je, si bora kupima akina mama wakiwa wajawazito, wakatibiwa kabla mtoto hajadhurika, badala ya kungoja azaliwe?

Ufaransa wanafanya hivyo. Tangu 1978 mwanamke asiye na kinga anafuatiliwa, na tangu 1992 anapimwa kila mwezi hadi ajifungue. Hoja yao inatokana na tabia ya kimelea chenyewe. Mama akiambukizwa miezi mitatu ya mwanzo, uwezekano wa kumfikia mtoto ni mdogo, kama asilimia 10 hadi 15, lakini akifikiwa anaumia vibaya: kichwa kujaa maji, madoa ya chokaa kwenye ubongo, macho kuharibika, au mimba kutoka. Akiambukizwa miezi mitatu ya mwisho, uwezekano unapanda kupita asilimia 60, ila mtoto huzaliwa anaonekana mzima, na madhara hujitokeza baadaye, hasa machoni. Wakimkuta mama ameambukizwa mapema wanampa spiramaisini, gramu 1 kila saa 8, kujaribu kukizuia kimelea kisipite kondo la nyuma.

Kwetu ugumu ni kwamba mfumo huo unamtaka mama aanze kliniki mimba ikiwa na wiki chache, apimwe mara saba au nane kwa kitu kimoja, na wengi wetu tunaanza mwezi wa nne au wa tano. Kumpima mtoto ni mara moja tu. Lakini kipimo cha mtoto nacho kina mashimo: kinatafuta IgM, kwa kuwa ile ya mama haivuki kondo la nyuma, na watoto wengine walioambukizwa hawana IgM siku wanapozaliwa. Aliyeambukizwa mapema sana imeshazimika, na aliyeambukizwa siku za mwisho haijaanza kutengenezwa. Kwa hiyo kinawanasa kati ya nusu na robo tatu tu. Mtoto mwenye dalili asiachwe kwa sababu karatasi ilitoka hasi. Kwa watoto wenye mashaka, mwamuzi wa mwisho ni muda. IgG aliyoirithi kwa mama huisha ndani ya miezi 6 hadi 12. Ikiwa bado ipo baada ya mwaka, ni ya kwake mwenyewe.

Kliniki tunapewa SP za malaria. Nimesoma kwamba zina dawa ileile inayotibu toksoplasma. Basi si tumeshakingwa? — Mama mjamzito, Kigamboni

Umesoma sawa: SP ina pirimethamini. Vidonge vitatu unavyomezeshwa mbele ya muuguzi vina jumla ya miligramu 75 za dawa hiyo, na unavipata mara moja kwa mwezi kuanzia miezi mitatu ya kati. Mjamzito anayetibiwa toksoplasma hupewa miligramu 50 kila siku, pamoja na salfadiazini. Usihesabu SP kuwa kinga ya kimelea hiki, na usiikatae vilevile. Inazuia malaria kwenye kondo la nyuma, na kazi hiyo inaifanya. (Mwenye VVU anayemeza Septrin hapewi SP, dawa hizo mbili ni za kundi moja na zikichanganywa zinadhuru.)

Kwa kuwa umeuliza dawa, haya ndiyo matibabu ya mtoto aliyethibitishwa, ili mzazi ajue anachokabiliana nacho. Pirimethamini, miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku kwa siku mbili za mwanzo, kisha 1 kwa kilo kila siku kwa miezi 2 hadi 6, halafu kipimo hichohicho siku tatu kwa wiki hadi atimize mwaka. Salfadiazini, miligramu 50 kwa kilo asubuhi na jioni. Na asidi ya foliniki, miligramu 10 mara tatu kwa wiki.

Hapo pana mitego. Kidonge cha pirimethamini ni cha miligramu 25, na mtoto wa kilo 4 anatakiwa apate 4. Huwezi kukigawa kwa kisu cha jikoni ukapata sehemu sita zilizo sawa. Mfamasia wa hospitali ndiye wa kukisaga na kukitengenezea dawa ya maji yenye kipimo. Mtego wa pili, foliniki si foliki. Dawa ya foliki ya kliniki, ile ya kuongeza damu, haifai kuchukua nafasi yake, kwa sababu ili foliki ifanye kazi inahitaji kimeng'enya kilekile ambacho pirimethamini imekiziba. Mtu akibadilisha moja kwa nyingine kwa kuwa majina yanafanana, uboho wa mtoto unaachwa bila ulinzi, na seli zake nyeupe na nyekundu zinaanguka. Ndiyo maana wingi wa damu hupimwa kila wiki mwanzoni, na neutrofili (aina ya seli nyeupe) zikishuka chini ya 500 kwa mikrolita, pirimethamini inasimamishwa. Mtego wa tatu ni wa watu wa pwani hasa: upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi ambayo kwetu si nadra. Mwenye nayo akipewa salfadiazini chembe zake nyekundu zinaweza kupasuka. Apimwe kabla.

Tuna paka wawili ndani. Mama mkwe anasema niwafukuze mpaka nijifungue. Na mishkaki ya jioni ndiyo siwezi kuiacha.

Paka wabaki, mishkaki ndiyo tuzungumze.

Paka hutoa mayai ya kimelea kwenye kinyesi kwa wiki 1 hadi 3 tu, kwa kawaida mara ya kwanza anapoambukizwa, na mayai hayo hayaambukizi siku hiyohiyo. Yanahitaji siku 1 hadi 5 kukomaa. Kinyesi kikizolewa kila siku, na mtu mwingine, hatari imeshapungua sana. Kama huna mtu mwingine, vaa glovu, nawa kwa sabuni. Walishe chakula kilichopikwa, wasiwinde panya. Kumshika manyoya si tatizo. Zaidi ya paka wako, angalia mchanga wa uani ambako paka wa mtaa mzima hujisaidia. Ukipalilia bustani, glovu tena.

Nyama mbichi au nusu mbichi ina vifuko vya kimelea, hasa ya mbuzi, kondoo na nguruwe. Mshikaki ukiungua nje ukabaki mwekundu ndani hauna usalama wowote. Moto mkali unadanganya. Kata vipande vidogo, moto wa wastani, mpaka katikati pawe na rangi ya nyama iliyoiva na maji yake yasiwe na wekundu. Kwa wenye kipimajoto, minofu nyuzi 63 kisha ipumzike dakika 3, nyama ya kusaga nyuzi 71, kuku 74. Kuiweka kwenye friza siku kadhaa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri kunaua vifuko vingi, ila friza za mtaani umeme ukikatika mara mbili kwa siku hazifiki huko. Ubao uliokatia nyama usikatie kachumbari.

Kachumbari yenyewe, na mboga za majani: osha jani moja moja kwa maji yanayotiririka. Siki, chumvi, na vidonge vya klorini havilivunji yai la kimelea hiki. Linauawa na moto. Mchicha na tembele zinapikwa, kwa hiyo hazitutishi. Kinachotutisha ni nyanya na kabichi mbichi zilizooshwa kwenye beseni moja tangu asubuhi. Maji ya kunywa yachemshwe. Maziwa ya mbuzi yasinywewe mabichi.

Mwanangu ana miaka mitatu, jicho moja limeanza kwenda pembeni. Je, ni hiyo toksoplasma? — Mbagala

Inaweza, lakini makengeza yana sababu nyingi na kawaida zaidi ni hitaji la miwani. Kovu la toksoplasma likiwa katikati ya retina, jicho halioni vizuri na linaanza kupotea njia. Mpeleke kwa daktari wa macho wa watoto, Muhimbili au CCBRT, atiwe dawa ya kupanua mboni. Ukiwa nyumbani, angalia picha zake zilizopigwa kwa mwanga wa simu: mboni ikitoa mng'ao mweupe badala ya mwekundu, usingoje miadi, nenda kesho, kwa sababu dalili hiyo inaweza kuwa saratani ya jicho.

Na kwa wazazi wa wachanga: kichwa kinachokua haraka kuliko mstari wa kadi, utosi uliojaa, au macho yanayoelekea chini muda wote, ni vya kupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ambako wanatibu vichwa vya maji, bila kujali chanzo.

Mtoto mchanga anaweza kuzaliwa na malaria? Nayo ipimwe kisiginoni?

Anaweza; ni pale vimelea vinapoonekana kwenye damu yake ndani ya siku 7 za kwanza, na mara nyingi mama alikuwa na malaria kwenye kondo la nyuma. Lakini hapa karatasi ya kukaushia damu haina kazi: majibu yake huchukua siku, na malaria ya mchanga haingoji siku. Mchanga mwenye homa, anayekataa kunyonya au mwenye manjano yanayozidi anatobolewa kisigino kwa ajili ya hadubini, damu nzito na nyepesi kwenye kioo, majibu saa hiyohiyo. Na hata kikionekana kimelea, antibayotiki za homa ya mchanga hazisimamishwi, kwa kuwa uambukizo wa bakteria kwenye damu unafanana nayo na unaua haraka zaidi.